Panya Wako Wamepona, Mama Bado

S.L.P. 31,
Mbamba Bay.
9 Juni, 2024.

Mpendwa Mjomba Nathanieli,

Shikamoo. Natumaini baridi ya huko haijakurudia kifuani. Mimi mwili ni mzima, ila naandika haraka, unisamehe mwandiko. Kwenye simu ningekuamkia tu kisha nikakata. Barua hii nitaipiga picha nikutumie.

Nina hasira nawe, Mjomba.

Ujumbe wako wa sauti kuhusu panya wa maabara yenu, Mama aliupeleka jumuiyani. Wakausikiliza mara tatu: seli zinazotengeneza insulini, zimefungwa ndani ya vifuko vidogo kama punje za ulezi, panya anapandikiziwa tumboni na sukari inashuka bila sindano. Wakakuombea rozari nzima. Kesho yake Mama akazitoa chupa zake za insulini kwenye chungu cha maji kinachozipoza, akampa jirani yetu Marselina. Mama mwenyewe akawa anangoja vifuko.

Nilimwambia hao ni panya. Akanijibu, "Nathanieli awaponye panya, dada yake amwache?" Wanajumuiya wakacheka, wakaniita karani wa mashaka.

Siku ya tano akaanguka jikoni akisonga ugali. Hospitalini walimchoma insulini akiwa hajitambui. Leo asubuhi amezinduka, na kitu cha kwanza alichofanya ni kuficha mkono chini ya khanga. Anasema atachomwa ukimwambia wewe, si mtoto aliyemzaa mwenyewe.

Ripoti uliyonitumia nimeisoma yote. Panya wanne kati ya tisa sukari iliwarudia. Binadamu hamjamjaribu hata mmoja. Mbona hayo hukuyasema? Ulitaka tukusifu?

Nami niliyajua kabla hajaanguka. Niliogopa kukuaibisha mbele ya jumuiya, nikaificha ripoti. Kwa hiyo usidhani hasira yote ni yako.

Mpigie leo kabla ya saa kumi na mbili jioni, muda wa sindano. Habari za vifuko usimweleze tena. Mwambie kwa Kinyasa chetu cha nyumbani, polepole, kwamba ni panya tu, na kwamba wewe mdogo wake unamwomba autoe mkono.

Msalimie mkaza mjomba Katarina na watoto. Bibi Restituta anakusalimu, hajaambiwa kitu.

Mungu aibariki kazi yako, na leo aufungue mdomo wako. Simu ya Mama imejaa chaji. Nimeiweka kwenye mto, karibu na sikio.

Mpwa wako, nikupendaye hata leo,
Asteria