Mpira Usio na pa Kwenda

Jumapili, 2 Machi

Kaka,

Pokea salamu zetu nyingi. Huku miili ni mizima, roho ndizo zinazohangaika. Unalala? Unakula? Kile kikohozi kimekuachia? Mama anasema uvae sweta, usijifanye jiwe.

Wakili alikuja jana, na maneno yake hayakuwa na sukari. Kesi yako inasikilizwa tarehe ishirini na nane. Bila Mzee Filimbi kusimama mbele ya hakimu na kusema kwamba ghala lilipovunjwa wewe ulikuwa naye kwenye kibanda chake cha ulinzi ukimtengenezea redio, basi imekwisha. Maandishi hayatoshi. Anatakiwa yeye mwenyewe, mzimamzima.

Na mzee unajua miguu yake. Tangu aache ulinzi amerudi kwao mlimani. Simu haishiki huko, magari hayapandi tangu mvua iikate barabara, na vijana wa bodaboda ukiwatajia mlima ule wanakuangalia kama umewatukana. Pikipiki iliyowahi kupanda ile njia ni yako tu. Nayo iko sebuleni, vipande vipande, kama ulivyoiacha siku walipokuja kukuchukua.

Nimeanza kuiunganisha. Usicheke. Injini ulisharudisha mwenyewe, magurudumu nimeyafunga, tangi nimelikalisha. Shida ni mipira ya kupitishia petroli na hewa. Najua huwa unafunga uzi kwenye kila mpira, mwekundu wa petroli, mweupe wa hewa. Basi mama akafanya usafi. Ameiosha yote kwa sabuni na nyuzi akazikata, alidhani ni takataka. Sasa nina beseni la mipira inayong'aa na sijui upi unakwenda wapi. Nilimgombeza mama mpaka akalia, halafu na mimi nikalia.

Niandikie upesi. Maji yamenifika shingoni.

Mdogo wako,
Chiriku

Ijumaa, 7 Machi

Mdogo wangu Chiriku,

Hamjambo hapo nyumbani? Mimi nipo, kikohozi nacho kipo, tumeshazoeana. Mwambie mama sweta naivaa hata kuogea. Na usimgombeze tena. Zile nyuzi hata mimi zilikuwa zinanichanganya.

Sasa nisikilize vizuri. Chukua mpira mnene kuliko yote. Huo ni wa petroli. Unatoka kwenye koki chini ya tangi, unapita kwenye chujio, unaingia kwenye kabureta. Bana klipu huku na huku. Usiukunje, wala usiuache uguse ekzosi, utaiunguza nyumba na wewe ukiwa ndani. Ule mwembamba mfupi unatoka nyuma ya koki, unakwenda kwenye shingo iliyo kati ya kabureta na injini. Injini ikivuta, ndiyo inaifungua koki. Ukiichanganya hiyo miwili, petroli itamwagika ndani ya injini na hapo tutakuwa tumekwisha. Kabla ya kuvalisha, ukunje kila mmoja kwa vidole. Ukiona nyufa, tupa, tafuta mwingine.

Iliyobaki ni ya kupumulia. Hiyo nimekuchorea hapa chini, maana nikiieleza kwa maneno utasinzia.

Chiriku, humu ndani kuna mtu mwenye mvi ambaye kila mlango ukilia anainuka, anadhani ni zamu yake ya kutoka. Sitaki kuwa yule. Sikuiba kitu, na ninaogopa. Mama usimsomee hapa.

Kaka yako

Alhamisi, 13 Machi

Kaka yangu,

Pole na hali. Mama anakusalimu, mgongo unamsumbua lakini mdomo haujambo.

Mchoro haukufika! Wameukata kwa mkasi. Barua yako ina dirisha, mama amechungulia humo akaniona. Nilikwenda kuuliza getini kwenu, kukuona wakanikatalia. Askari anasema michoro ya mabomba hairuhusiwi, huenda ni mitaro ya gereza. Nikamwambia ni pikipiki, afande, pikipiki. Akasema ndivyo wanavyosema wote.

Basi nikafuata maneno tu. Mnene, chujio, klipu. Mwembamba mfupi, shingoni. Kaka, imewaka! Mama alitoka nje bila viatu, majirani wakadhani tumevamiwa. Nilitamani ungekuwepo uisikie.

Mingine ilipata mahali pake, lakini ulibaki mpira mmoja, ule mrefu unaotoka chini ya tangi. Nimeuzungusha pikipiki nzima nikiutafutia pa kuchomeka, hauna. Nao unatoa harufu ya petroli chumba kizima, na mama unamjua, kwake hakuna kitu kinachoachwa kinaning'inia. Nikauziba kwa kijiti, nikakaza na waya.

Sasa ndiyo balaa. Nikitoka nayo inakwenda vizuri mpaka kona ya mashine ya kusaga, inakohoa, inazima. Nikisubiri inawaka, inajikokota kidogo, inazima tena. Petroli imejaa tele. Plagi nimesafisha. Chujio nimelipuliza. Fundi wa barabara ya pili alikuja, akaizunguka, akaniambia niiuze kwa watu wa vyuma chakavu. Nilimfukuza kwa spana.

Ikinizimia mlimani nitafanyaje? Niambie nimekosea wapi. Kichwa changu kimesimama.

Mdogo wako,
Chiriku

Jumatatu, 17 Machi

Chiriku,

Leo salamu utanisamehe. ONDOA KIJITI!

Ule mpira hauna pa kwenda. Ndivyo ulivyotengenezwa. Unaning'inia tu chini, mdomo wazi, basi. Tangi linapumulia hapo. Petroli ikishuka, lazima hewa iingie nyuma yake, na hewa isipoingia petroli haishuki tena. Umeliziba pua, dada, halafu unalishangaa kuzimia.

Toa waya, toa kijiti. Upitishe nyuma ya injini, mbali na ekzosi, uache uangalie chini. Harufu mama aivumilie. Sikuchora kitu humu, hata mstari, wasije wakaona mitaro.

Ukishaupata ujumbe huu, panda mlimani siku hiyohiyo. Mzee Filimbi akisita mwambie nimemwita mimi.

Kaka yako

Jumapili, 23 Machi

Chiriku, mdogo wangu,

Hamjambo? Nauliza kweli, kwa sababu kimya chako kinanila. Umepata barua yangu? Kama hukuipata, ni hivi tu: kijiti, toa. Kijiti, toa. Toa!

Nimewaomba askari wanipe simu, wamecheka. Nimemwomba wakili aje, hajaja. Nimekaa humu ninajua dawa ya pikipiki yangu na siwezi kuifikisha mtaa wa pili. Nimepiga ukuta mpaka mkono umevimba. Kama umeshakwama mahali njiani, rudi nyumbani, nakuomba. Bora nifungwe kuliko uanguke kule peke yako.

Nasema uongo. Usirudi. Mlete, Chiriku. Mlete.

Kaka yako

Ijumaa, 28 Machi

Kaka yangu,

Pole sana, kaka. Leo tumeonana na hatukuruhusiwa hata kusalimiana, kwa hiyo pokea hapa salamu zote. Umekonda. Mama ameuona mkono wako uliovimba.

Barua zako mbili nimepewa leo, pale mahakamani, zimebanwa pamoja. Askari wa kuzisoma alikuwa likizo. Nilizisoma nikiwa nimekaa chini kwenye ngazi.

Kwa hiyo ujue mlima niliupanda na kijiti changu. Ilizima kwenye mwinuko wa kwanza, nikasema petroli imekwisha, nikafungua kifuniko cha tangi nichungulie. Likavuta hewa, fyuuu, kama mtu aliyenusurika kuzama. Nikapiga kiki, ikawaka. Kwa nini, sikujua, wala sikuwa na nafasi ya kujiuliza. Njia nzima nikawa nasimama, nafungua, nasikiliza, nafunga, naondoka. Tunashuka, mzee nyuma amenishika kiuno, ananiambia hajaona pikipiki inayotaka kubembelezwa kiasi hicho. Chini ya kilima cha mahakama kiki ikagoma kabisa. Nikambeba mgongoni.

Ulituona tunaingia. Hakimu alikuwa ameshafunga faili, na wewe umeinamia ukingo wa kizimba. Uliponitazama, kaka, nikamshusha mzee kwa pupa karibu nimwangushe. Wakili akaomba, faili likafunguliwa tena, mzee akasema yote. Alipoulizwa ataukumbukaje usiku mmoja kati ya siku nyingi, akajibu redio yake haikuwahi kuimba vizuri kabla ya hapo. Watu walicheka. Hakimu hakucheka. Aliandika tu.

Hukumu ni Jumatatu. Nimemuuliza wakili, amenishika bega akaondoka.

Nami Jumatatu sitakuwepo. Mzee nilimwahidi kumrudisha kwake kabla mvua haijafunga njia, na mawingu yameshakaa juu kule. Tunaondoka kesho, na pengine nitashuka Jumatano. Kijiti nimetoa, mpira unaning'inia, na pikipiki imewaka.

Hakimu akikuachia utatembea kwa miguu yako mpaka nyumbani na utakuwa umefika kabla yangu. Akikufunga, nakujua, utachukua kalamu siku hiyohiyo unipe pole mimi. Mama nimeshamwambia, nikirudi asinipokee na bahasha mkononi. Maisha yangu yote nimekusumbua unijibu upesi. Hii ya leo, kaka, nakuomba, usiijibu.

Mdogo wako,
Chiriku