Raketi ya Baba Uliyoiosha

Kudus, Jumapili

Kaka Triyono,

Huku mvua hazikatiki, na paka amezaa ndani ya kapu la nguo.

Raketi ya badminton ya Baba imefika. Niliitambua kwa ule ufa wa shingoni alioutia gundi mwenyewe. Lakini hiyo vanishi inayong'aa kama kucha za mkeo, nani alikutuma? Na kile kibano chake chenye skrubu umekitupa wapi? Fremu ya mbao isipobanwa, unyevu huipinda. Sasa imepinda kama mwiko.

Siku ya hitima ya Baba uliipakia garini bila kuuliza, ukasema unakwenda kuitunza. Sasa unaniandikia kwa majivuno kwamba kitambaa cha mpini kilinuka jasho na sigara za karafuu, "uchafu mtupu," ukakichoma, ukaiosha raketi yote kwa sabuni, ukafunga plastiki ya rangi ya waridi. Ptuu!

Siku ile nilikwambia Mama ana homa, ndiyo maana hatoki chumbani. Hakuwa na homa. Mama hatutambui tena. Mimi ananiita "we muuza tempe," kana kwamba nimekuja kumuuzia vitafunio vya soya. Kila jioni alikuwa akimuulizia Baba, nampa raketi, ananusa mpini, analala. Tangu uichukue, halali.

Jana nikampa hii yako. Akanusa, akanusa tena, akanirudishia.

"Mrudishie mwenyewe," akasema. "Ya mume wangu inanuka."

Ukija, sabuni yako iache hukohuko.

Mdogo wako,
Sulastri