Trela Iliyovaa Sketi

Jumapili, 3 Machi 1991
Baada ya kanisa nimekaa ufuoni nikitazama mitumbwi. Maji yanapita ubavuni bila ugomvi. Trela yangu je? Upepo unaingia chini, unagonga vyuma vya chasisi, unatuvuta nyuma kama mtoto aliyeshika nguo ya mamake. Ningeufungia njia... upite nje, polepole. Naota mchana!

Jumatatu, 4 Machi
Seif, mwenye lori, anasema dizeli imepanda bei, ataliuza. Yawa! Nimeliendesha tangu likiwa jipya. Nikamwambia ndoto yangu. Akacheka, lakini amekubali nijaribu mara moja: dizeli ile ile ya kila safari, toka hapa Kisumu hadi Busia na kurudi. Siku zote hutuishia njiani tukirudi, pale mjini Luanda, kabla ya Maseno. Ikinifikisha Kisumu, lori linabaki. La sivyo, nitasukuma mkokoteni sokoni Kibuye.

Jumatano, 6 Machi
Obiero wa welding amefunga mabati chini ya trela, pande zote mbili. Mafundi wote wa jua kali walikuja kucheka. Ati, omera, umeivalisha sketi, sasa itafutie bwana! Wacha wacheke. Mimi nimeipenda.

Alhamisi, 7 Machi. Busia
Inateleza! Upepo unapita nje ukipiga mluzi, nami naimba. Foleni ya mpakani ndefu. Sisi madereva hupika chini ya trela, na sketi imefunga jikoni. Nikafungua bati moja moshi utoke. Ugali mtamu.

Ijumaa, 8 Machi. Busia, asubuhi
Mzigo umeshuka. Bati langu liko wapi? Mama Mariamu, muuza samaki, ameanika omena juu yake! Anasema mvua ilimharibia nyingine zote, hizi ndizo zimebaki, na bati ameletewa na Mungu. Nizimwage matopeni? Mikono imekataa. Kaa nalo, Mama. Bati moja tu, upepo hautajua.

Ijumaa hiyo hiyo. Kisian
Luanda tulipita! Nilipiga honi, machozi yakanitoka. Maseno, tukapita. Hapa Kisian injini imekohoa, ikanyamaza. Ziwa naliona. Kisumu ni pale tu!

Upepo ulijua.

Opiyo, muuza dizeli wa barabarani, amekuja na mtungi. Ati nimwage tangini, niingie mjini, Seif atajuaje? Ati nisijifanye mtakatifu. Sketi nzima ingefika, naapa! Lakini "ingefika" nani ataniamini?

Mtungi uko miguuni. Kule mbele naona pickup ya Seif, inakuja kunipokea. Anapiga honi. Obiero amesimama nyuma, anapunga shati. Wanashangilia, jameni! Opiyo anasema haraka, haraka.

Mkono mmoja unaandika, mwingine uko kwenye kifuniko cha mtungi. Sijakifungua.