Kichwa Yangu Haibebe Tena Muchanga

Jumatatu, tarehe 1 mwezi wa saba
Kichwa: 7. Parasetamoli mbili mbele ya chai, sawa na kila siku. Kine Berthe, anayetibu watu na mikono ku santre ya afya, ameniambia niandike chiffre ya maumivu kila asubuhi, zero mpaka kumi, na dawa nilizomeza. Basi naandika. Nimefundisha watu kuandika miaka ishirini, sasa binti mwenye umri wa mutoto wangu ananipa devwari ya kufanya nyumbani. Miaka saba kichwa hii inauma. Wamenitibu malaria, wamenitibu tifoide, wameniombea. Imebaki pale pale, nyuma ya shingo, inapanda mpaka ku jicho ya kuume.

Alhamisi, tarehe 4
Kichwa: 6. Nimelala ku kitanda ya kine, uso chini. Mikono yake iko baridi. Akatafuta chini ya fuvu na vidole viwili, akafinya pole pole, akangoja. Ile maumivu ya jicho ikatoka pale. Nililia. Nimekasirika kwamba nililia.

Akauliza ilianza lini. Tulipokimbia vita kule Fataki. Siku tatu na mashini ya kushona ku kichwa, mutoto ku mugongo. Anasema yeye harudishi mufupa wowote mahali pake, mifupa iko muzima. Ni bongo yangu imezoea kuchunga hii shingo, inapiga kelele hata kama hakuna kitu. Mikono yake inaipelekea habari ingine. Eti bongo. Nikamwambia miye si mwenda wazimu.

"Mama, sijasema wazimu. Maumivu ni ya kweli. Bongo njo inaipika."

Dawa nipunguze, ile ya kila siku nayo inaleta maumivu ya kichwa. Na nisibebe kitu ku kichwa mpaka yeye aseme.

Keshokutwa ni salongo, kazi ya pamoja ya kubeba muchanga.

Jumamosi, tarehe 6
Kichwa: 8, juu nimemeza kidonge moja tu. Salongo. Siye wamama wa chapelle ya Mudzipela tunatoa ku muto muchanga ya kujenga kanisa, kila mutu na beseni yake ku kichwa, mustari moja, tukiimba. Sadaka ya kichwa, njo tunaiita. Miye ndiye prezida, natangulia.

Leo nimefika na burweti ya bwana yangu, ile ya gurudumu moja, ya waashi. Wamama wakacheka. Mama Georgette, vis-prezida, hakucheka. Alisema muchanga ya burweti si sadaka, na sheria inajulikana: asiyebeba ku kichwa haketi benchi ya mbele.

Inajulikana sana. Ni miye niliiandika, mu kaye, daftari ya wamama, na mukono yangu.

Nimesukuma safari sita.

Jumapili, tarehe 7
Kichwa: 8. Nimeketi benchi ya mbele. Hakuna aliyethubutu kuniondoa. Najua wataanza. Waanze.

Alhamisi, tarehe 11
Kichwa: 5. Kine amefinya shingo, halafu amenifundisha kuvuta kidevu ndani, mara kumi, asubuhi na jioni. Bwana yangu anasema nafanana na kuku inakunywa maji. Kuku basi.

Asubuhi kulisikika masasi ya bunduki, mbali, upande wa barabara ya Djugu. Shingo ikakaza palepale, mbele hata ya miye kuogopa. Niliisikia inakaza. Miaka saba, na leo njo mara ya kwanza naikamata ikifanya. Labda ile binti iko na haki. Sitamwambia.

Jumamosi, tarehe 13
Kichwa: 4. Burweti tena. Mukutano kando ya muto. Mama Georgette ameomba kaye, amesoma sheria yangu kwa sauti. Halafu:

"Mama prezida, Mama Dheve naye alisema kichwa inamuuma. Weye ulimjibu nini?"

Najua nilimjibu nini. Nilisema mbele ya wote kwamba kichwa yake inauma siku ya salongo tu. Walicheka. Akahamia benchi ya nyuma, iko kule tangu mwaka jana. Muchanga aliendelea kubeba. Leo alisimama pale, beseni juu, na chini ya beseni kitambaa amefunga kwa nguvu mpaka inamkata paji. Hakuniangalia. Nimesikia haya, mbaya sana.

Pasta akanivuta kando. Nibebe beseni moja tu, ndogo, amani irudi. Nikakataa. Ile amani naijua, ni shingo ya mutu inailipa.

Jumapili, tarehe 14
Kichwa: 6. Hasira. Wamepiga kura kisha ya ibada ya kwanza. Miye si prezida tena. Nimechukua Biblia yangu, nimeenda benchi ya nyuma mwenyewe, mbele hawajaniambia. Nimeketi karibu na Mama Dheve. Nimemwomba musamaha mu sikio, wimbo ya ibada ya pili ikiimbwa. Alisogea kidogo, nikapata pa kuweka muguu.

Alhamisi, tarehe 18
Kichwa: 3. Dawa: hakuna, siku ya ine.

Jumamosi, tarehe 20
Kichwa: 3. Burweti. Nilikuwa nachota peke yangu. Mama Dheve akashusha beseni yake, akaimwaga mu burweti. Akashika mukono moja ya burweti, miye ingine. Inapinda, inatukwaruza magoti, hatujui kuisukuma wawili. Mama Georgette akapaza sauti kwamba tunaharibu sadaka. Nikamwambia aende aulize ukuta kama inajua muchanga ilikuja na nini. Mama Dheve alicheka. Sikujua anachekaga.

Alhamisi, tarehe 25
Tangu Jumamosi sikuandika kitu. Si uvivu. Nilisahau. Natafuta chiffre ya Jumatatu, ya Jumanne, sioni. Kichwa haikunikumbusha.

Leo tumeenda kwa kine siye wawili, kwa miguu, mvua kidogo. Mama Dheve alikataa kufungua kitambaa. Kine akangoja. Miye nikangoja. Halafu akafungua mwenyewe. Ku paji kumebaki alama, inazunguka mpaka nyuma ya masikio. Kine akamwekea vidole pale chini ya fuvu, na Mama Dheve akaanza kulia, nikaangalia dirisha.

Yeye hajui kuandika. Chiffre yake itakaa hapa, mu kaye yangu.

Kichwa: 9. Ya Mama Dheve.