Maua Niliyobandika

Jumapili, 4 Januari 1953

Daftari la kwanza tangu niolewe, ndani nimeandika jina langu, Semeni. Uweso kalinunua kwa Mhindi, Barabara ya Nane, pamoja na kichupa cha wino. Anasema mke aliyefika darasa la nne asiachwe aozee kwenye moshi wa jikoni. Nimelivika kipande cha kanga, pembeni karatasi ya fedha ya sigara zake. Gundi ni uji wa ngano. Mama mkwe, Bi Chiku, kaninusia sufuria, kauliza uji nampikia nani, daftari? Basi nikaandika jambo baya juu yake. Hajui kusoma, lakini niliona haya. Nikalifunika kwa picha ya kiberiti. Ukurasa ukapendeza kuliko mwanzo!

Alhamisi, 10 Novemba 1955

Daftari la tatu. Mimba ya pili imetoka.

Sitaki kuandika — nimeandika, nimefunika. Uweso akirudi na lori huniletea karatasi za sabuni zenye mawaridi. Ananitania kuwa daftari langu limenenepa kuliko mimi. Kweli. Nusu maneno, nusu vifuniko.

Ijumaa, 12 Julai 1957

Bi Chiku yuko Pangani harusini. Shemeji Mwinyijuma kazini. Uweso hajaonekana hapa tangu Idi ya mfunguo mosi, anabeba mbao Maramba. Leo saa nane mchana huyo kaingia, jasho tupu! Lori kaliacha Pongwe, kaja kwa baiskeli ya kuazima. Tajiri wake akijua, kazi hana. Nisimwambie mtu.

Kala samaki wa nazi. Tukalala, tukacheka. Kisha kaninyang'anya kalamu, kaandika mwenyewe:

*Leo 12 Julai nimekuja kwa mke wangu kwa siri. Samaki chumvi imezidi. Uweso.*

Alipokuwa akifunga kamba za viatu ndipo aliposema. Anaoa Maramba mwezi ujao. Yeye anataka mtoto. Kasema vivyo hivyo, kainama, hata uso hakuinua.

Mola, lori na limwangukie kabla hajamfikia huyo mwanamke.

Jumamosi, 13 Julai 1957

Mstari wa mwisho wa jana nimeufunika. Waridi kubwa la sabuni, gundi mara mbili.

Jumatano, 24 Julai 1957

Lori lilipinduka juzi, njia ya Maramba. Lilimlalia. Jana wamezika.

Niko eda. Miezi minne na siku kumi. Bi Chiku kanivua bangili, kachukua wanja, kachukua udi. Kisha akayaona madaftari. Na haya mapambo pia, alisema, mjane hapambi kitu. Yako chini ya sanduku. Hili ninaloandika ni jipya, la kahawia, halina hata ua moja. Afadhali. Sistahili ua.

Niliomba lori. Sikuomba homa, sikuomba bahari. Lori.

Jumapili, 13 Oktoba 1957

Mkunga, Bi Mwamvua, kanipapasa tumbo. Mimba! Miezi mitatu, imeshika vizuri. Nimelia. Nilidhani ni huzuni inayonitapisha.

Bi Chiku hakulia. Alihesabu kwa vidole tangu Idi, siku mwanawe alipoondoka mbele ya macho yake. Miezi mitano na nusu. Akahesabu tena. Nikasema Uweso alikuja Julai, yeye akiwa Pangani. Akauliza nani alimwona. Hakuna aliyemwona. Shemeji Mwinyijuma kainamisha kichwa, hakunitetea.

Alhamisi, 17 Oktoba 1957

Kauli imetoka. Nikijifungua, nitoke na kilicho changu. Jina la Uweso halivikwi mtoto wa njiani. Nitoke niende wapi? Mama na baba wako kaburini.

Ushahidi ninao. Ni mkono wake mwenyewe Uweso, Mwinyijuma ataujua. Nimelitoa daftari la tano, lile la Julai, chini ya sanduku. Mende! Wameula uji wangu. Waridi limeinuka pembe moja, "limwangukie" linachungulia. Nikiukata ukurasa, wataniuliza kilichokatwa. Nikiomba unga jikoni, wataniuliza wa nini. Nimebana kwa mate, nikalikalia daftari kutwa nzima.

Ningeacha. Lakini huyu wa tatu hajatoka. Anakaa.

Ijumaa, 18 Oktoba 1957

Nimewapa. Niko chumbani, nyuma ya pazia, naandika huku nikiwachungulia. Wao wako ukumbini, mkekani.

Mwinyijuma kasoma kwa sauti. Alipofika kwenye chumvi ya samaki, akausoma mstari mara mbili. Kamwambia mama yake, huu ni mkono wa Uweso, hakuna mwingine anayeandika hivi. Mtoto ni wetu. Bi Chiku kaangua kilio ambacho hata siku ya mazishi sikukisikia. Nami nimevuta pumzi, ya kwanza tangu Jumapili.

Basi daftari lifungwe! Lirudi! Halirudi. Bi Chiku kalipakata, anapitisha kidole juu ya maandishi ya mwanawe, herufi moja moja, na herufi hazijui. Anashuka mstari kwa mstari. Kafika kwenye ua. Kidole kimegota pale pembeni palipoinuka.

Kamwuliza Mwinyijuma kama chini yake kuna maneno. Kasema yapo.

Wametaka maji. Bakuli limeletwa, nalisikia likiwekwa chini.

"Semeni, mwanangu," Bi Chiku ananiita. "Njoo ulibandue wewe, mikono yako inaijua gundi yako. Maneno ya mwanangu yasije yakachanika."

Hajaniita mwanangu tangu msiba. Anaita tena.