Prosesa Mpya, na Neno la Kaka Lukelo

Jumanne. Njombe ukungu haukuondoka mpaka saa sita mchana. Makambako nimekuta upepo tu. Mimi mwenyewe sisikii kitu, si baridi wala huzuni.

Nilikwenda Njombe kuangalia prosesa za kizazi kipya za kompyuta ya mezani. Ya studio yetu imechoka. Video moja ya kwaya inaitoa kwa siku nzima, na juzi ilizimika katikati. Aliiunda kaka yangu Lukelo kwa mikono yake. Kamera ni kazi yangu, mashine zilikuwa zake, mpaka alipopata kiharusi miezi mitano iliyopita.

Dada wa dukani alinieleza kwa utulivu. Hizi mpya zinamaliza video haraka sana. Zikiwa hazina kazi nzito zinakula umeme kidogo, kwa hiyo umeme ukikatika betri ya akiba itatuvumilia. Lakini haziingii kwenye bodi ya zamani, ile sahani inayobeba vipande vyote, na RAM zetu, vile vijiti vya kumbukumbu, hazifai tena. Zikibanwa na kazi zinachemka, zinataka feni kubwa.

Yaani ukiitaka prosesa, unafumua mashine yote.

Nikamwambia nitarudi.

Kutoka stendi ya Makambako nilinyoosha mpaka Mahongole kwa kaka. Wifi alikuwa anamenya viazi, kaka amekaa pembeni yake, blanketi magotini. Nikamsomea niliyoandika kwenye simu, mazuri kwanza, halafu mabaya. Zamani angenikatiza kila sentensi. Tangu augue anasema "ndiyo" na "maji", basi.

Nilipofika kwenye bodi akasema, "Soketi." Ndipo prosesa inapokaa kwenye bodi.

Wifi akaacha kumenya.

"Soketi imefanyaje, kaka?"

"Imebadilika. Toa yote."

"Na ile uliyoiunda wewe?"

Akajibu: "Spea."

Wifi alilia pale pale, kisu mkononi. Mimi niliandika kwenye simu: spea. Nilijua hapo ndipo mtu anapofurahi. Nikaingoja furaha. Haikuja.

Nakiri hapa, kwa sababu nyumbani siwezi kusema. Wiki zote hizi nimesoma habari za prosesa usomaji wa mtu anayejificha. Niliogopa kununua mpya, kwa kuwa kununua ni kukubali kwamba kaka harudi studio kama alivyokuwa.

Yeye ameshakubali kabla yangu.

Kwa hiyo nanunua. Joto tutalivumilia, huku kwetu si tatizo kubwa. Bodi na RAM nitachukua pamoja, na ile kwaya nitaiomba inipe wiki moja zaidi.

Jumamosi nitabeba kila kitu mpaka Mahongole, nipange vipande mezani mbele yake. Mkono wake wa kushoto unafanya kazi. Yeye ataelekeza, mimi nitashika bisibisi.

Sijui siku hiyo nitajisikiaje. Huenda nisijisikie chochote.

Nitakwenda hivyo hivyo.