Machicha Yaliyofukiwa

Mulanda

Athieno mjukuu wangu,

Huku mvua imeanza, na mguu wa mjomba wako umepona. Umeniuliza naonaje, kwa kuwa kiwanda unachojifunzia kazi huko Nairobi kinataka kuzika makapi yake yote ili pawe safi.

Nilipokuwa msichana, mama alipika kongo, pombe yetu ya wimbi. Machicha yake yaliliwa na nguruwe wa jirani, na mbolea yao ikarudi kwenye shamba letu la wimbi. Hakuna aliyepanga hivyo. Kisha baba mdogo akarudi kutoka mjini, akachukia nzi, akaamuru machicha yafukiwe. Ua ulipendeza kweli. Jirani akauza nguruwe. Shamba likachoka polepole, hata mama hakuelewa lina nini.

Miaka ikapita, baba mdogo akafa. Kwenye matanga yake wazee walikuja na mirija yao ya kunywea kongo, kama ilivyo desturi, wakauzunguka mtungi. Ulikuwa mtupu, maana shamba halikutoa wimbi tena. Walikaa, mirija mapajani, na hakuna aliyeweza tena kumweleza marehemu alichokuwa amekifukia.

Kabla hamjachimba shimo, toka nje ya ukuta wa kiwanda, uone ni nani anayeyangoja makapi hayo.

Ni mimi, nyanya yako anayekuwaza.